Kijiko Kimoja Tu

Kabla hakujapambazuka, Bibi alisikia ndoo ikikwaruza chini ya kisima, kama sufuria inayokombwa. Alijua ni jirani yake, fundi cherehani, amewahi kuchota kabla maji hayajavurugika. Alipofungua mlango wa jikoni alikuta nusu ndoo kizingitini, imefunikwa kwa kitambaa kisafi.

"Mwenzangu, wewe umebaki na nini?" alimwuliza fundi, aliyekuwa bado hapo uani.

"Yangu yapo. Hayo yaache yatulie, yana mchanga."

"Nitautafuna kwa meno gani?"

Fundi alicheka, lakini hakukaa. Bibi aliona ndoo ya fundi mwenyewe ilikuwa tupu.

Kisima kile alikichimba marehemu mumewe. Binti yake wa mjini alikwishasema: kikikauka, mama unahamia kwetu, ghorofa ya tatu. Bibi alimpenda bintiye, ila kwa watu ni kwa watu, hata wakiwa wa damu yako.

Miezi kadhaa nyuma, watu wa kuchimba kokoto mtoni walipokuja kuomba ridhaa ya mtaa, msemaji wao, mtu mwenye adabu, alisema wataleta kijiko kimoja tu. Bibi aliwaza kijiko cha chai, akanyoosha mkono pamoja na wenzake. Kijiko kilipoletwa juu ya trela, kumbe ni mtambo wa kuchimbia, kilikuwa kirefu kuliko nyumba yake, na kilikula kutwa nzima bila kushiba. Kilikomba changarawe hadi mto ukazama chini ya kingo zake, na visima vikaufuata.

Mkaguzi wa mazingira alikuja. Alivua viatu mlangoni, akamsikiliza Bibi mpaka mwisho, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

"Kibali wanacho, Bibi," alisema. "Nitaandika nilichokiona. Lakini mto ukishashuka, sijui wa kuupandisha."

Jioni hiyo lori lilisimama nje. Mkwe wa Bibi, mume wa binti yake, ndiye aliyekuwa akibeba kokoto za mtoni. Alishuka na madumu mawili ya maji, kama alivyozoea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Aliyaweka jikoni, akaenda kisimani kushusha ndoo. Ilirudi na mchanga mbichi. Aliushika kiganjani, akaumwaga taratibu.

"Nikiuacha usukani, kesho atakaa mwingine," alisema, macho chini.

"Najua. Nani kakwambia uuache?"

"Afadhali ungenitukana, mama."

"Nikutukane na maji yako nayapikia?"

Mkwe alijaribu kutabasamu, akashindwa. Alisema kijiko kinahamishwa kesho kupelekwa juu ya mto, mbali, kwa kuwa hapa kokoto zimekwisha. Naye anakwenda nacho. Maji hataweza kuleta tena. Mkewe ameanza kumtandikia Bibi kitanda.

Bibi aliangalia madumu. La kwanza alimwita fundi aje alichukue. La pili alilisogeza ukutani, akakaa kando yake.

"Mwambie mkeo asikitandike kwa haraka," alisema. "Sijafunga mzigo."

"Na maji, mama?"

Bibi alimsindikiza hadi kwenye lori, akamfuta vumbi begani kama afanyavyo kwa wanawe.

"Jumapili uje tena kunitazama, baba," alisema. "Hata mikono mitupu, wewe njoo."