Uzito wa Tani

Mtengeneza rafu aliitwa Tani, na jina hilo hakupewa bure. Katika karakana yake ya vyumba viwili aliunda rafu za tanuri, yaani vibao vinene vya udongo ambavyo wafinyanzi huvipandisha juu ya nguzo fupi ndani ya tanuri, ili vyungu visikaliane vichwani. Rafu ikivunjika motoni, vyungu vyote huwa vigae, na mfinyanzi huja mlangoni bila salamu.

Siku hizi kazi nzito aliifanya binti yake. Alitwanga vigae vya zamani vikawa chenga, akazichanganya na udongo, akaushindilia ndani ya fremu ya mbao, kisha akavikausha vibao kivulini, akivigeuzageuza kama mgonjwa asije akaota vidonda.

Zikishachomwa, kila rafu iliwekwa juu ya nguzo na Tani akapanda. Akimaliza kikombe cha chai huko juu salama, iliuzwa. Ikivunjika, aliutukana udongo. Kipimo cha karakana kilikuwa hicho tu, na hakuna mteja aliyewahi kukilalamikia.

Mwaka huu rafu zilianza kurudi vipandevipande. Tani alilaumu kuni, akalaumu mvua, akawalaumu wafinyanzi. Lawama ilizunguka mtaa mzima, kwake tu haikubisha hodi. Binti alikuwa akiitazama suruali ya baba yake, ambayo sasa ilifungwa kwa kamba, na alikuwa na hofu isiyomwacha hata akila. Kila alipotaja hospitali alijibiwa kwamba huko huenda wagonjwa. Methali ya mficha maradhi Tani aliijua vizuri sana, aliwatajia wengine.

Asubuhi moja alikuja shangazi, dada yake Tani, mfinyanzi aliyekwisha kupoteza vyungu vya tanuri zima. Alimkuta kaka yake juu ya rafu mpya, kikombe mkononi.

"Umeiona?" Tani akasema. "Haitikisiki."

"Kaka, hapo hata jogoo angesimama."

Binti akavua ndala. "Baba, nisogezee nafasi."

"Rafu hupimwa na mtu mmoja."

"Zamani huyo mmoja alikuwa mzito kama sisi wawili."

Akapanda kabla hajakatazwa, akamshika baba yake kiunoni. Utotoni mikono yake haikuwahi kukutana nyuma ya mgongo ule. Sasa ilikutana, ikapitana.

Rafu ikakatika katikati. Wakajikuta chini, chai imewamwagikia.

"Na hiyo ndiyo ilikuwa yangu," shangazi akasema.

Tani akautazama udongo, akazitazama kuni.

"Mwanangu, kumbe nimekwisha hivi?"

"Hujaisha, baba. Umepungua. Na mimi naogopa."

Tani akaikaza kamba ya suruali. "Basi twende huko hospitali. Sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

Alipojaribu kuinuka, magoti yalikataa. Shangazi alilivuta toroli alilokuja nalo kubebea rafu, wakampakia humo, naye akaishika mipini na kusukuma.

Barabara ilikuwa ya kupanda. Shangazi, mwanamke mwembamba wa makamo, alilisukuma toroli mpaka juu bila hata kuhema, na hapo ndipo binti alipoanza kulia.