Chai ya Mkuu wa Wilaya

Siku hiyo mkunga wetu alikuwa anafunga mizigo, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pake, nimemzibia njia bila haya.

"Mama Nigina, nipishe," aliniambia. "Gari linaondoka alasiri. Theluji ikifunga njia ya mlimani, nitakwama hapa mpaka baridi iishe."

"Ndicho ninachotaka. Ukwame."

Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Rohafza hakuwa mtu mbaya, wala sitaki mtu amfikirie hivyo. Binti wa mjini, wa Faizabad, msomi, alikubali kuja kuishi huku juu ambako hata kuku wanajikunyata. Tangu matunda ya forosadi yalipoiva hadi tulipoyaanika na kuyasaga, hakuwa ameuona mshahara wake. Alikula kwa zamu, leo kwangu, kesho kwa jirani, na huko mjini baba yake alikuwa kitandani anangoja dawa. Ningemlaumu kwa lipi? Lakini Nazdana, mke wa mwanangu, alikuwa katika mwezi wake, tumbo limeshashuka. Na binti yangu wa kumzaa, Nigina, alinifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, kabla hatujapata mkunga. Tulimbeba juu ya kitanda kwenda hospitali ya wilaya, wanaume wakipokezana kwenye barafu. Hatukufika. Mume wangu bado ananiita Mama Nigina, na kijiji kizima vilevile, na sijamkataza mtu.

"Ningoje mpaka gari lipige honi," nilimwambia Rohafza. "Mkuu wa wilaya anakuja leo."

"Anakuja kuchukua, mama. Lini alikuja kuleta?"

Nikampisha.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali huko Kabul ilikuwa imeitengea zahanati yetu fedha: mshahara wa mkunga, dawa, kuni za msimu wa baridi. Fedha zilishuka vizuri tu mpaka benki ya mkoa, zikakaa hapo. Ili zitoke, ilitakiwa saini ya mkuu wa wilaya, muhuri wa baraza la kijiji, na alama ya kidole changu, kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa na wanawake kuwasimamia barazani. Mkuu hakusaini. Tulituma watu, tukaambiwa yuko safarini. Tukatuma tena, tukaambiwa ana mafua. Sasa mwaka wa serikali ulikuwa ukingoni, na fedha ambayo haijatumika hurudishwa Kabul, hata kama waliotengewa wanazika watu wao. Ndipo Mkuu akaikumbuka njia ya kwetu. Alitaka tuweke muhuri na kidole kwamba zahanati imeshapokea kila kitu, ili fedha zikajenge ukuta na chumba cha wageni cha ofisi yake.

Si mara ya kwanza. Mwaka uliotangulia alifanya hivyohivyo na fedha za bomba la maji, na bomba hatukuliona. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba siku wakaguzi wa Kabul watakapofika, nitawasimulia neno kwa neno, na jina lake nitalitaja mpaka walichoke. Nilikuwa naingoja siku hiyo kwa hamu.

Na alikuwa na tabia moja inayojulikana wilaya nzima. Hakuwa anakula nyumbani kwa mtu. Alitembea na mkate wake na mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Ukimkaribisha, anashika tumbo. "Vidonda," anasema. Uongo mtupu. Kwetu, na kwao Kunduz tambarare alikotoka, ukishakula chumvi ya mtu huwezi kumdhuru wala kumdhulumu. Ukifanya hivyo, hata mlinzi wako hatalala chumba kimoja na wewe. Mkuu aliuweka mdomo wake mbali na vyungu vyetu ili mikono yake ibaki huru. Watu walimwogopa kwa hilo kuliko kwa bunduki za walinzi wake.

Alifika adhuhuri, theluji ya kwanza ikiwa inaanguka, pamoja na walinzi wawili wa kwao. Kile kifaa cha kuleta joto kwenye gari lake kilikuwa kimekufa njiani. Alipoingia nyumbani kwetu midomo ilikuwa ya bluu, na mkono alioutoa kumsalimia mume wangu ulikuwa unatetemeka. Walinzi wake walisogea jikoni kabla hata ya kukaribishwa. Nyumba zetu ni chumba kimoja kikubwa, jiko katikati na majukwaa ya kukalia pembeni, kwa hiyo nilikuwepo na nilisikia kila neno.

"Sina muda mwingi," alisema Mkuu, akatoa karatasi yake na kidau cha wino. "Mzee Dawlatbek, muhuri. Mama, kidole tu. Wino ninao."

"Na mkunga?" nikauliza.

"Mkunga atapata mwakani. Mwakani nitawaletea hata wawili."

"Mkwe wangu anajifungua mwakani?"

Dawlatbek, mume wangu na mwenyekiti wa baraza, alikohoa. Hicho ndicho kikohozi chake cha kunifunga mdomo, nimekizoea tangu ujana.

"Mama Nigina," alisema kwa upole, "tusigombane na serikali."

"Serikali iko wapi? Mimi namwona mtu mmoja na mayai yake."

Mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi aliyeitwa Sherdil, aliinamia moto kuficha kicheko. Mkuu hakucheka.

"Nisikilize, mama. Ukikataa, fedha zinarudi Kabul. Mimi sipati ukuta, na wewe hupati mkunga. Halafu mwakani, wakigawa ngano ya msaada, nitakisahau kijiji hiki. Nina kichwa kibovu sana." Alisema bila kupandisha sauti, na alikuwa anasema kweli. Kukataa kusingemlipa Rohafza. Kukubali kusingemlipa pia. Nazdana alikuwa ameegemea nguzo nyuma yangu, na nikamsikia akivuta pumzi kwa meno. Niligeuka. Alikuwa ameikumbatia nguzo.

"Imeanza?" nikamnong'oneza.

"Tangu asubuhi, mama. Nilidhani itapita."

Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga. Nilimwambia mume wangu kwamba sitaweka kidole nikiwa na njaa, na wageni watanisamehe, nakoka moto kwanza. Dawlatbek alinitazama kama mtu aliyeoa asichokijua.

"Utakula nini, Mkuu?" nilimuuliza, nikijua jibu.

Alishika tumbo. "Vidonda, mama. Chakula hapana." Lakini meno yake yalikuwa yanagongana, na yale mayai yake aliyajaribu, yameganda. Alikuwa anaiangalia sufuria. "Kama una chai, nitashukuru. Mradi ni moto."

"Chai yetu ya hapa nyumbani?"

"Chai yoyote. Chai ni maji tu."

Miaka miwili alikuwa mkuu wa wilaya yetu. Ofisini kwake alikuwa na mpishi wa Kunduz, anayempikia chai ya kijani na sukari pembeni. Miaka miwili, na hakuwahi kujua watu anaowatawala wanakunywa nini asubuhi.

Nilimimina maziwa juu ya majani. Nikatia siagi. Kisha nikashika bonge la chumvi ya mawe, na mkono ukasita. Nisiseme uongo, nilisita. Ningeweza kumpikia yake tupu, kama mgeni wa tambarare. Nazdana akaguna tena pale nguzoni, safari hii kwa sauti. Nikaitumbukiza chumvi, kama ninavyoitumbukiza kila siku ya Mungu, nikaikoroga mpaka ikayeyuka yote. Tuliwekewa bakuli wote kutoka sufuria ile moja, Mkuu, walinzi, mume wangu na mimi.

Mkuu alilishika bakuli kwa mikono miwili, akapiga funda kubwa, akameza. Akapiga la pili. Kisha akatulia, na bakuli likabaki hewani.

"Hii nini?"

"Chai," nikasema.

"Ina chumvi."

"Chai ya hapa ina chumvi, Mkuu. Muulize yeyote. Hata watoto wanaachishwa ziwa nayo."

Mkuu alinikazia macho, na mkono wake wa kulia ukaenda kiunoni kwenye bastola, sijui kwa hasira au kwa mazoea. Mume wangu aliinuka, akaja akakaa mbele yangu. Mtu yule wa kukohoa, alikaa mbele yangu. Mpaka leo namheshimu kwa siku hiyo.

"Umenitega, mwanamke."

"Uliomba mwenyewe. Nilikuuliza."

"Mkuu," alisema Sherdil taratibu. Alikuwa amelimaliza bakuli lake, na bunduki yake ameiegemeza ukutani, mbali na mkono. "Tumeshakula. Mimi siwezi kuwachukulia hawa watu kitu. Ukitaka, nitashuka kwa miguu."

Yule mlinzi wa pili na yeye aliiweka bunduki chini.

Mkuu aliwatazama. Nadhani alikuwa anaipima ile safari ya kurudi, mlima, giza, na watu wawili ambao wangemjua ni mtu wa namna gani. Aliondoa mkono kiunoni. Akacheka kidogo, cheko la uchungu, akalirudia bakuli na kulimaliza lote.

"Sawa," alisema. "Nimekula chumvi yako. Nitasaini fedha zitoke kwa mkunga na zahanati, leo hii. Lakini nikuulize, mama. Nimekula peke yangu?"

"Hapana. Sote, sufuria moja."

"Basi chumvi imetufunga sote, na mimi ni mgeni wako. Wakaguzi watakuja theluji ikiyeyuka. Watauliza habari za bomba." Alinisogelea kidogo. "Mwenye nyumba atamsema mgeni aliyekula chumvi yake?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Wallahi sikulifikiria. Akili yangu yote ilikuwa kwenye sufuria, kumbe na mimi nilikuwa naingia humohumo. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Yale maneno niliyokuwa nimeyatunza mwaka mzima kwa ajili ya wakaguzi, jina lake likiwa la kwanza, nilikuwa nayaona yakinitoka mkononi.

Nje, gari lilipiga honi. Lilikuwa linakusanya abiria wa Faizabad.

Nazdana aliteleza taratibu chini ya nguzo, akakaa sakafuni. "Mama," alisema. "Mama, maji yametoka."

Nilimwangalia Mkuu machoni. "Mgeni wangu simsemi," nikamwambia.

Alisaini. Dawlatbek akagonga muhuri, nami nikabandika kidole kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Kisha nikatoka mbio bila shali, kwenye theluji, mzee mzima, nikipiga kelele watu wakadhani nyumba inaungua. Rohafza alikuwa ameshakaa garini na kifurushi chake magotini. Sherdil alikuja nyuma yangu na karatasi kifuani. Rohafza alipomtaja baba yake mgonjwa, alimwambia kwamba yeye ndiye atakayeipeleka benki, na dawa za mzee huyo atazinunua kabla hajanywa hata maji. "Nimekula hapa," alisema tu. Rohafza alimtazama, akanitazama mimi nisiye na shali, akashuka. Sherdil akakaa kwenye kiti alichokiacha, na gari likaondoka.

Mtoto alitanguliza miguu. Ilikuwa kazi, na damu ilikuwa nyingi, na kuna wakati Rohafza aliacha kuniongelesha, nikajua tumefika pale tulipofika na Nigina. Alimchoma Nazdana sindano ya mwisho aliyokuwa nayo. Damu ikapungua, ikakoma. Mtoto akalia. Wa kike. Nililia kuliko yeye.

Sherdil alitimiza. Mshahara ulikuja na gari la mwisho kabla njia haijafungwa, na Rohafza alibaki.

Theluji ilipoyeyuka, wakaguzi wa Kabul walifika kweli, watu wawili wenye viatu safi. Waliketi pale pale alipoketi Mkuu. Wakaniuliza, "Mama, bomba la maji liko wapi?" Nikasema sijui. Wakaniuliza nani alizichukua fedha. Nikasema mimi mwanamke wa nyumbani, mambo ya fedha siyaelewi. Mmoja alimtazama mwenzake akatabasamu, kama watu wanavyotabasamu wakikutana na bibi mjinga. Niliwamiminia chai, wakaondoka.

Mjukuu wangu sasa anakwenda mtoni mwenyewe na kindoo chake, asubuhi, barafu ikiwa bado ukingoni. Vidole vinarudi vyekundu. Juzi aliniuliza kwa nini kijiji cha ng'ambo kina bomba na sisi hatuna, ni nani aliyelichukua letu. Nilimvuta karibu na moto, nikaifunika mikono yake kwa yangu. Nikampa chai.

Na wewe umenisikiliza mpaka hapa, na jina la yule mtu hujalisikia.