Sekunde Kumi na Moja za Mizani

Mjomba alikuwa hajajibu barua pepe kwa wiki tano, na tusisingizie mtandao. Mzee alinuna, na mpwa wake alijua fika kwamba kilichomponza ni mdomo wake mwenyewe.

Wawili hawa, pamoja na wenzao tisa waliotawanyika huku na huko, walitunza mfumo wa Linux unaoendesha kompyuta za zahanati ndogondogo. Mjomba ndiye aliyeandika faili arobaini na moja za kuuamsha. Ukiwasha kompyuta, programu moja huamka kwanza, kisha huziamsha nyingine mojamoja, kama mama mwenye watoto wengi na beseni moja la kuogea. Sasa kundi lilikuwa limeamua kuleta mwamshaji mpya, anayewaamsha wote kwa pamoja. Kazi ya kuhamia huko akapewa mpwa, ambaye mjomba alimwita Kiherehere tangu akiwa mdogo.

Na kweli kiherehere chake kilimtokea puani. Katika faili moja alikuta amri ya kungoja sekunde kumi na moja, na juu yake maneno mawili: "Usiguse hapa." Akaifuta, kisha akawaandikia wenzake wote: "Nimemkuta mzee kasinzia kazini, nimemwamsha." Watu wakacheka. Mjomba hakucheka.

Sasa kundi lile lina sheria yake: faili haifutwi mpaka aliyeiandika aridhie na aandike sababu. Toleo jipya la mfumo lilitakiwa Ijumaa. Wenzake wakamwambia wapige kura, wampite mzee, yaishe. Akakataa katakata. Huyu ndiye aliyemfundisha kompyuta kwenye meza ya jikoni baba yake alipofariki. Bila ridhaa yake, hilo toleo asingelitaka hata bure.

Jumatano asubuhi, mkunga wa zahanati waliyokuwa wakilifanyia majaribio toleo hilo akapiga simu. "Mwanangu, mizani yenu ina wazimu. Watoto watatu leo, na wote uzito mmoja mpaka gramu."

Kiherehere hakumwandikia mjomba tena, alimfuata nyumbani. Akamkuta sebuleni anapiga pasi mashati.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Pasi haikusimama.

Akamweleza habari ya mizani. Hapo pasi ikasimama.

"Kuna mtoto kapewa dawa kwa uzito huo?"

"Hapana. Mkunga alishtuka mapema. Anatumia mizani ya zamani, ile ya kuning'iniza."

Mjomba akakaa kitini, akashusha pumzi. "Ile mizani ikiamka haijijui. Inataka sekunde kumi ipate sifuri yake. Ukiiuliza kabla, inakwama kwenye uzito wa mtoto wa jana. Nilikaa pale zahanati siku nne, saa mkononi, nahesabu. Nikaongeza sekunde moja ya kumwachia Mungu."

"Nisamehe, mjomba. Nilikufanyia mzaha mbele za watu, na wala sikujua ninachofuta."

"Wewe ulikosa adabu, sawa. Mimi nimekosa zaidi. Nilisoma kwamba umeifuta, nikajua kitakachotokea. Nikasema moyoni, mwache aumbuke, atanikumbuka. Mtu mzima nanuna, na watoto wa watu wako kwenye mizani."

Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa shati alilokuwa anapiga pasi. Kiherehere hakuwahi kumwona hivyo, hata msibani. Alimpenda mjomba wake siku zote, ila pale alimpenda zaidi.

Akafungua kompyuta palepale juu ya meza ya pasi. Akamwonyesha kwamba mwamshaji mpya anaweza kupewa sharti: asianzishe programu ya uzito mpaka mizani yenyewe iseme iko tayari. Shida ni moja tu, mizani itasemaje?

"Inatuma herufi moja ikifika sifuri," mjomba akasema. "Nilikuwa naiona. Sikuwa na pa kuipeleka."

"Basi ndiyo hiyo. Ikichelewa, tunaingoja. Ikiwahi, tunawahi nayo."

Mjomba akaisoma mistari sita aliyoiandika mpwa wake, akairudia. "Aisee. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikikisia."

Saa nane mchana, marekebisho yakiwa yameshafika zahanati, mkunga akapiga tena. Alikuwa amezima na kuwasha mara tano, na kila mtoto alipata uzito wake. "Na huyu wa mwisho ni bonge la mtoto," akasema.

Kiherehere hakuthubutu kuitaja Ijumaa. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeivuta kompyuta. Angeweza kuridhia faili zote kwa amri moja, lakini alizipitia mojamoja, akichapa sababu kwa vidole viwili: hii imepitwa na wakati, hii nayo imepitwa. Faili ya mizani aliiacha mwisho. Akaitazama muda mrefu, akaandika, kisha akamgeuzia mpwa wake kioo asome.

Sababu ya kufuta: mpwa wangu amekua.