Jumapili ya Kwanza ya Uyoga Vallseda

Mwamuzi alimaliza kukagua nyavu, akamgeukia Ermengol, katibu wa klabu ya Vallseda.

"Mzee, wachezaji wako wako wapi?"

"Wanakuja."

Watano walikuwa wamekaa kwenye benchi la zege na jezi zao za bluu. Kanuni ilitaka wasipungue saba. Mwezi uliotangulia timu haikufika ugenini kwa sababu ya harusi. Ikikosekana tena, shirikisho lingeifuta, na Vallseda haikuwa na watu wa kuanzisha nyingine.

Klabu iliundwa mwaka 1923 na wafumaji wa kiwanda cha pamba kando ya mto. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ililazimishwa kuliandika jina lake kwa Kihispania badala ya lugha ya kwao. Ikatii, ikaendelea kucheza. Kiwanda kikafungwa, ikaendelea kucheza. Ermengol aliyajua hayo yote kwa tarehe zake. Alijua pia kwamba shirikisho liliipanga mechi hii Jumamosi alasiri, na kwamba ni yeye aliyeomba ihamishiwe Jumapili saa sita mchana, kwa kuwa Vallseda ilicheza Jumapili saa sita tangu enzi za babu yake. Hakuifikiria mvua. Ilinyesha mfululizo mwishoni mwa Septemba, kisha jua likatoka, na hii ikawa Jumapili ya kwanza ya uyoga, ambayo Vallseda nzima hupanda msituni kuuchuma, kila mtu mahali pake pa siri.

Alimpigia nahodha, Isidre. Hakupatikana; msituni hakuna mtandao. Akamwendea Remei, mke wa kipa, aliyekuwa akifungua kibanda cha vinywaji.

"Remei, mumeo kaenda msitu gani?"

"Wee! Miaka yote hii nalala naye, sijaambiwa. Ndiyo niambiwe leo?"

"Hata upande tu."

"Katoka kwa barabara ya kusini. Kwa hiyo yuko kaskazini." Akacheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. "Alisema saa nne atakuwa ameshashuka, Ermengol. Aliapa."

"Wote waliapa."

Mashabiki wa Castellmoix, timu ya wageni, walikuwa wameanza kuchoka.

"Babu, vaa bukta uingie mwenyewe!"

"Au tungoje uyoga uote hapo katikati?"

Mwamuzi alisubiri muda wa kanuni, akaongeza kidogo kwa hiari yake, kisha akajaza fomu. Ermengol alitia saini bila kubisha, maana hapakuwa na cha kubishia. Castellmoix waliwapa mikono wale watano, wakaenda kula.

Isidre alifika wakiwa wameshaondoka, matope hadi magotini, jezi ndani ya koti, kikapu kimefunikwa kwa majani. Kipa na wengine wawili walishuka nyuma yake, kila mmoja kwa njia yake.

"Tumechelewa sana?"

"Imekwisha."

"Mechi?"

"Klabu."

Isidre alitazama goli la mbali, kisha la karibu.

"Mlikuwa wapi?" Ermengol aliuliza.

"Huko juu."

"Juu wapi, Isidre? Sasa inadhuru nini?"

Nahodha aliwatupia jicho wenzake watatu, ambao wote walikuwa wametega masikio. Akavuta majani yakafunika kikapu vizuri zaidi.

"Juu tu, mzee wangu."

Ermengol akaenda kufungua nyavu. Zilikuwa mali ya manispaa, na kesho yake zilitakiwa zirudishwe. Isidre alikiweka kikapu mahali ambapo angeweza kukiona, akaja kumsaidia.