Bastola Inayokatala

Katembo, Mkongomani aliyehamia ughaibuni, kitongoji cha Macquarie Fields, alikuwa ameamua kuiuza bastola yake ya kulengea shabaha, kwa kuwa haikuaminika tena. Alikuwa amemlalamikia Mugambi, Mkenya aliyemfundisha kulenga, kwa simu: "Kaka, inakatala." Mugambi alielewa kwamba maganda ya risasi yanakwama ndani baada ya kufyatua, akamshauri aipake mafuta mengi. Katembo akapaka. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Jumamosi walikutana kwenye klabu yao ya kulenga shabaha. Katembo alivuta kifyatulio, ikalia tik, basi.

"Inakatala tena," alisema, mdomo wa bastola ukiwa bado unaelekea shabaha.

"Si uvute mtambo nyuma, utoe ganda!"

"Ganda gani? Risasi haijatoka. Nilikuambia inakatala, ao Kiswahili cha Kenya hakina kukatala?"

"Sisi tunasema kukataa. Nilidhani inakwama."

"Ingekwama, ningesema inakwama."

Walisubiri kidogo kama kanuni inavyotaka, maana risasi huweza kuchelewa kuwaka. Kisha Mugambi akaitoa risasi, akaitazama kitako. Fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ilikuwa na kialama hafifu tu. Pini ya kufyatulia haikuigonga kwa nguvu. Alipoifungua bastola, alikuta njia ya pini imejaa masizi ya zamani yaliyogandana na mafuta mapya.

"Na mafuta ulipaka kwa sababu yangu," alisema.

Aliyafuta yote. Katembo akajaza risasi, akafyatua. Zote zikatoka, hakuna hata moja iliyobaki.

"Bado unauza?"

"Bastola nabaki nayo, kaka. Nauza mwalimu."

Mugambi alicheka, lakini jioni hiyo alimuuliza Katembo maneno mengine ya Kiswahili cha kwao.