Mshamu Haombi Radhi kwa Bitiruti

Asubuhi baada ya harusi ya Saidy, wanaume wa Mohoro walikutana zahanati bila kuagana. Kila mmoja alikuwa na kichupa mfukoni, na kila mmoja alimwambia jirani yake kwamba amekuja kwa ajili ya mafua.

Ukikulia bonde la Rufiji, huhitaji kuelezwa maana ya mkojo mwekundu. Ni kichocho. Unakatazwa kuogelea madimbwini, unaogelea, na siku moja unakojoa nyekundu na mama yako anakukokota kwa sikio kwenda kupata dawa. Lakini hayo ni mambo ya watoto. Mtu mwenye wajukuu akiiona nyekundu ile, anaanza kuliona kaburi.

Nesi Habiba alipima vichupa vya mwanzo, akaviweka kando, akatoka barazani.

"Jana mlikula nini?"

"Pilau."

"Kapika nani?"

"Mshamu."

"Na kachumbari yake?"

Wakatazamana. Kachumbari ya Mshamu ilikuwa nyekundu kama kanga mpya, na walikuwa wameigombania.

"Ile ni bitiruti," Habiba alisema. "Wengine ikiwaingia hutoka na rangi yake, wengine haitoki. Nyinyi ni wale ambao rangi huwatoka. Hamna ugonjwa. Nendeni mkalime."

Adhuhuri haijafika, Mohoro nzima ilikuwa inacheka, na wanawake ndio waliocheka zaidi. Mambo yangeishia hapo kama si Mzee Abdulswamadu, mwenyekiti wa kamati ya Maulidi. Yeye hakwenda zahanati. Alipotoka chooni alfajiri alijilaza kitandani, akamwita mkewe, Bi Zabibu, akaanza kuusia. Shamba la mpunga aligawa, mbuzi aligawa, na deni la mtu aliyemtukana zamani alilisamehe. Kisha akawapigia simu wanawe Dar es Salaam. Walishuka kwenye basi wakilia, wakamkuta baba yao kakaa mkekani anakunywa uji, na mama yao kajifunika khanga usoni ili asionekane anavyocheka.

Mzee hakucheka. Akatuma ujumbe: Ijumaa, baada ya swala, Mshamu asimame mbele ya watu aombe radhi, na aape kwamba bitiruti haitaingia tena kwenye shughuli. Akikataa, pilau ya Maulidi mwaka huu itapikwa na mtu mwingine.

Aliyeleta ujumbe ni Amri, ambaye Mshamu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupika. Alimkuta mwalimu wake uani, amechutama mbele ya makaa, anageuza bitiruti kwa kijiti. Zilikuwa zimeungua nje, ngozi nyeusi tititi. Mshamu alichukua moja, akaipuliza, akaimenya kwa kidole gumba, na ndani ikatoka nyekundu, inang'aa, inafuka moshi. Akaikata vipande, akanyunyiza chumvi, akakamua ndimu.

"Kula kwanza," alisema. "Maneno ya mzee hayapoi."

Amri akala. Akafumba macho. Bitiruti ya kuchemsha ina utamu wa kawaida, lakini ikichomwa huwa na utamu wenye moshi, kama muhindi na asali vimeoana. Akala cha pili kabla ya kusema alichotumwa.

Mshamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimwombe radhi kwa mkojo wake?"

"Kaka, ni maneno tu. Unasimama, unasema, unakaa. Chungu kinabaki chako."

"Kuna aliyeumwa tumbo?"

"Hakuna."

"Kuna aliyeacha chakula sahanini?"

"Hakuna, kaka. Hata yeye aliongeza."

"Basi mwambie Mshamu kasema hivi: aliyeongeza adaiwe radhi na tumbo lake."

Amri alipoondoka, Mwanasiti, mke wa Mshamu, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Baba Safina, chungu cha Maulidi alipika baba yako. Unakiacha kwa ajili ya mboga iliyoletwa juzi na malori ya Lushoto?"

Neno lile lilimchoma, maana lilikuwa kweli. Harusi Mohoro unaweza kumpa mpishi yeyote, hata wa kutoka Ikwiriri. Pilau ya Maulidi ilikuwa ya ukoo wao. Marehemu baba yake alikuwa akisimama juu ya chungu kile na mwiko mrefu kama kasia, na Mshamu aliacha shule kwenda kumchochea moto. Hakuwa na kitu kingine duniani ambacho watu walikuwa wakikitaja pamoja na jina lake.

"Mboga ilikuja na lori, sikatai," alisema. "Lakini hizi nimepanda mwenyewe. Mto ulipojivuta nikapanda kwenye mlau, kwenye tope lile lile la mahindi na maboga ya babu zetu. Zimekubali. Ardhi imezikubali, mama Safina, sasa mimi niape kuziacha mbele ya msikiti kama nimeiba?"

"Mimi sijasema uape."

"Umesema nini?"

"Nimesema chungu ni cha baba yako. Nilitaka kujua kama unajua." Akainama, akachukua kipande cha mwisho kilichobaki kwenye sahani, akala. "Na ndimu ungeongeza."

Ijumaa Mshamu aliswali, akatoa salamu kulia na kushoto, akavaa viatu, akaondoka. Watu waliokuwa wamebaki kusikiliza walibaki wakitazama mgongo wake. Kamati ikampa Amri chungu.

Siku zile kabla ya Maulidi, Mshamu alikula bitiruti kama mtu anayelipiza kisasi. Alikula mbichi, imekunwa pamoja na karoti na vitunguu. Alisaga na tangawizi, akaichuja, akainywa kwenye kikombe cha chai akiwa kibarazani, mdomo mwekundu, anaamkia kila apitaye. Mwanasiti alimkandia chapati kwa maji yake, zikatoka za rangi ya waridi, na watoto wa jirani wakaja kuomba. Kina mama walianza kupita uani wakisema wametumwa chumvi, wakaondoka na bitiruti chini ya khanga. Mshamu aliwapa. Lakini aliposikia kamati inapasua kuni aliingia ndani, akakaa.

Maulidi yalisomwa asubuhi. Mshamu alikwenda amevaa kanzu safi, amebeba sinia lake kichwani. Kuleta chakula hakukatazwi; hii nyumba huleta ndizi, ile vitumbua. Harufu ya pilau ya Amri ilimfikia njiani. Karafuu zimezidi, alijisemea, na hapo hapo akaona aibu, kwa kuwa hazikuwa zimezidi.

Qaswida zilipokwisha watu wakaketi kwa mafungu kuzunguka masinia ya pilau. Mshamu akatua la kwake katikati ya turubai, akafunua: bitiruti za kuchoma, za kuchemsha na pilipili, kachumbari yake, na bakuli la majani yake yaliyopikwa kama mchicha. Akaketi. Hakumwita mtu. Akasema bismillahi kwa sauti, akaanza kula.

Kwao mtu haachwi peke yake kwenye sinia. Ni aibu, na si yake, ni ya mwenye shughuli. Mwenye shughuli hupita akikagua. Akiona pengo humwita mtu aje azibe, na akikosa wa kumwita huketi yeye.

Mzee Abdulswamadu alipita akikagua. Akaona. Akamwita Ismaily wa sinia la jirani, Ismaily akaonyesha kwamba mkono wake umeshaingia kwenye pilau. Akamwita Saidy, bwana harusi. Saidy akajifanya anazungumza na mtu. Hakuna aliyetaka kuonekana yuko upande gani. Turubai lote likapunguza kelele.

"Mshamu," mzee alisema, amesimama. "Unanitega."

"Ninakula, mzee."

"Nikikaa hapa watasema nimekusamehe."

"Sijaomba."

"Nisipokaa watasema nimemwacha mtu na njaa kwenye Maulidi ya Mtume."

"Hilo nalo watasema."

Mzee alisimama mpaka magoti yakamwambia yamechoka. Akaketi, kanzu yake ikajaa hewa kisha ikashuka. Hakugusa kitu. Mshamu aliendelea kutafuna, taratibu, kama mtu aliye kwake.

"Chungu ni cha Amri," mzee alisema.

"Kapika vizuri. Nitamwambia."

"Na mwakani?"

"Mwakani mkinitaka, nitakuja na bitiruti zangu. Msiponitaka, nitakuja nazo vilevile, nitakaa hapa hapa. Uamuzi ni wenu, mimi nimeshaamua."

"Kichwa kigumu. Baba yako naye alikuwa hivi hivi. Alitulisha bizari nyembamba kwa nguvu, kabla yake hatukuwa tukiijua kwenye pilau."

Mshamu aliacha kutafuna. Hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Mzee alinawa mkono kwenye bakuli la maji. Akaziruka nyekundu zote, akachota majani kidogo kwa ncha za vidole, akayanusa, akala. Watu wa masinia ya jirani walikuwa wamegeuka wazi wazi sasa.

"Haya," mzee aliuliza kwa sauti ya chini, "umeweka tui la kwanza au la pili?"

"La kwanza. Mtu bahili hawezi kuyapika haya."

Mzee akanung'unika kitu, akavuta bakuli karibu na goti lake.