Siku Orlin Alipokubali Kahawa

Kwa miaka thelathini na mmoja Ardis Tweten alikuwa nesi wa shule ya Nordby, kaskazini mwa Minnesota, na watu walikuwa wakisema hana haja ya kumwona mgonjwa, kumsikia kunatosha. Mtoto akikohoa koridoni kwa sauti ya kubweka, Ardis alisema bila kuinua macho, "Huyo koo limevimba, mpigieni mama yake." Aliyekohoa mfululizo kisha akavuta pumzi kwa mlio, huyo ana kifaduro, arudi nyumbani saa hiyo hiyo. Mafua ya kawaida huja kwa kunyata, aliwaambia wazazi, leo pua, kesho koo. Mafua makali hayanyati, yanakuangusha saa nne asubuhi ukiwa umesimama. Dawa yake kwa mafua ya kawaida ilikuwa maji, supu, usingizi na kijiko cha asali, ila mtoto asiyetimiza mwaka asali asiiguse. Waliokuja kumwomba antibaiotiki kwa sababu ya pua inayochuruzika aliwatimua, tena kwa maneno ambayo hayakufundishwa chuo chochote cha uuguzi.

Kwa hiyo mwezi wa Januari, mumewe Orlin aliporudi kutoka kuvua samaki kwenye barafu ya ziwa huku mwili mzima unamuuma, hadi nywele, Ardis hakubabaika. Alimvua buti, akamlaza. Binti yao Kari alipiga simu kutoka mji wa Fargo.

"Mama, mpeleke kliniki leo. Baba ana miaka sabini na minne. Zile dawa za mafua makali zinatakiwa zianze ndani ya siku mbili."

"Kari, mimi nimeuguza wilaya nzima. Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi, Mama. Nakuomba."

Ardis alisema atafikiria, na kwa Nordby hilo lina maana moja tu, hapana.

Orlin alilala siku nne. Ya tano akaamka, akala mayai mawili, akatoka hata kukwangua theluji kwenye ngazi, na Ardis akampigia Kari simu kumjulisha hivyo, kwa raha zake. Ya sita mzee akarudi kwenye kiti chake karibu na dirisha, akakohoa.

"Unajisikiaje?"

"Si mbaya."

Sasa hapa ndipo mtu anapotaka kumshika Ardis mabega amtikise. Orlin aliendesha gari la kusukuma theluji miaka ishirini na tisa, na mwaka mmoja aliliendesha wiki tatu akiwa na mbavu mbili zilizovunjika. Mkewe alikuja kujua majira ya kuchipua. "Si mbaya" ndilo neno lake la kila kitu, kuanzia chakula cha harusi yake mpaka mazishi ya mama yake. Ardis alilijua neno hilo kuliko mtu yeyote duniani. Lakini kipimajoto kilisema hana homa, na mumewe alisema si mbaya, naye mjuzi wa vikohozi vya watu wote akawaamini hao wawili. Siku mbili nzima akawaamini.

Alhamisi, saa nne asubuhi, jirani yao Marlys aligonga mlango. Alikuwa amekumbatia bakuli la viazi na nyama ya kusaga, la moto kutoka oveni, na juu yake kaweka sahani ya keki. Alivua buti mlangoni, akasema hatakaa, kisha akakaa. Birika la kahawa lilikuwa mezani.

"Shemeji," akamwambia Orlin, "nikumiminie kikombe?"

Mtu wa Nordby akikaribishwa kitu, hukataa. Akikaribishwa tena, hukataa kwa sauti ya chini zaidi. Mara ya tatu ndipo husema, "Haya, kidogo tu, kama mlishapika." Hivyo ndivyo adabu ilivyo, watoto huinyonya na maziwa, na Orlin ndiye aliyekuwa bingwa wao. Kuna chakula cha jioni kanisani alichokikataa mara nne, mpaka mchungaji akaondoka na sahani.

"Ndiyo," alisema Orlin. "Nimiminie. Na keki, kipande kikubwa."

Mkono wa Marlys ukasimama hewani na birika lake. Kisha akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Shemeji, umekuwa mtu wa Texas lini, wa kukubali mara ya kwanza?"

Ardis hakucheka. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kile kiti.

"Orlin. Leo siku gani?"

Orlin alimtazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mgeni. "Barabara ya nane haijasukumwa theluji," alisema. "Basi la shule litapitaje? Funguo zangu ziko wapi?"

Alikuwa amestaafu miaka kumi na mmoja iliyopita. Ardis alimfungua vifungo vya shati. Ngozi kati ya mbavu ilikuwa inazama kila alipovuta pumzi. Aliangalia saa ya ukutani, akahesabu pumzi dakika nzima, na alipofika thelathini na nne dakika ikaisha. Akamshika mkono. Kucha zilikuwa na rangi ya buluu iliyochakaa, na mkono huo ndio alioushika jana yake wakitazama taarifa ya habari.

"Marlys, piga simu waje na gari la wagonjwa. Sema nimonia. Sema mzee, amechanganyikiwa, pumzi thelathini na nne kwa dakika."

"Ardis, barabara hizi, na wale vijana wa gari hilo wanajitolea tu. Tusiwasumbue. Labda nimpeleke mimi polepole."

"Wasumbue," alisema Ardis. Alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo maishani mwake. "Wasumbue sasa hivi."

Hospitalini walikuta oksijeni kwenye damu imeshuka mpaka asilimia sabini na tisa. Daktari, kijana mwenye viatu vya kukimbilia, aliuliza, "Alipata nafuu kidogo, kisha akarudi chini?"

"Ndiyo."

"Na hakuwa na homa. Wazee wengi homa haiwapandi, kichwa ndicho kinachovurugika kwanza. Mafua makali yanafungua mlango, bakteria wanaingia nyuma yake."

Maneno hayo ya mlango yalikuwa ya Ardis mwenyewe. Aliwaambia akina mama wa shule ile miaka thelathini na mmoja, neno kwa neno. Ardis aliketi pale koridoni na koti lake la theluji, hajalifungua zipu, akasema, "Mimi nilikuwa nesi." Hakuna aliyemuuliza.

Walimwekea Orlin dripu ya antibaiotiki na kinyago cha oksijeni. Kari akafika jioni ile, hakusema lolote kuhusu simu, na hilo likamuuma Ardis kuliko kusemwa. Ijumaa na Jumamosi Orlin alikubali kila kitu. Maji? Ndiyo. Mto mwingine? Ndiyo. Alikubali hata jeli ya kijani. Kila "ndiyo" ilimchoma mkewe, kwa sababu mwanaume yule pale kitandani alikuwa na sura ya Orlin na hakuwa Orlin, na huenda asingerudi.

Asubuhi ya siku ya nne aliingia nesi Yesenia, msichana wa Texas, ana mwaka mmoja tu huku kwenye baridi. Kinyago kilikuwa kimeondolewa, kimebaki kimrija cha puani. Mkononi nesi alikuwa na kikombe kinachofuka mvuke.

"Bwana Tweten, daktari ameruhusu. Utakunywa kahawa?"

Orlin alifumbua macho. Alikitazama kikombe muda mrefu.

"Hapana, binti," alisema. "Usijisumbue."

"Sawa," alisema Yesenia, akageuka na kikombe chake. Macho ya Orlin yakakifuata kile kikombe mpaka mlangoni, kwa majonzi ya mtu aliyefiwa.

Ardis alisimama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Binti, rudi. Muulize tena. Akikataa, muulize tena."

Yesenia alimwangalia bibi huyu anayelia na kucheka kwa pamoja. Aliweka kikombe chini taratibu, akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono kama anayempima mgonjwa.

"Mama," alisema, "leo ni siku gani?"

"Jumapili," alisema Ardis. "Ni Jumapili, na mume wangu anaitaka hiyo kahawa."